Paka Asiyetakiwa Kuzidi Kilo Tatu

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, kucha zinakwaruza gunia. Krr, krr, kisha kimya, kisha krr tena. Katika nyumba ya vyumba viwili huko Kadutu, juu ya mji wa Bukavu, Philémon Birindwa anafumbua macho na kusikiliza. Hawashi taa. Anashusha mkono chini ya kitanda, anapapasa polepole mpaka anagusa manyoya.

"Iko muzima," anamwambia mkewe gizani.

"Nilijua," anajibu Constance. "Mwenye kufa hakwaruze. Lala kidogo."

Philémon halali tena. Anawasha jiko, anajipashia moto maji ya kunawa, na kuvaa koti lake la kazi lenye kiraka begani. Kisha anapiga goti, anamtoa paka chini ya kitanda kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine chini ya mapaja, na kumlaza katika kikapu kilichotandikwa kipande cha blanketi. Paka ni mdogo wa umbo, kijivu, na tumbo lake limejitokeza pande zote mbili kama mfuko uliotiwa maembe. Jina lake ni Tara.

Ni mwezi Juni, 1957. Kiangazi kimeanza, na asubuhi barabara ya kushuka kutoka Kadutu ni baridi na vumbi. Wafanyakazi wanateremka kwa makundi kuelekea mjini, na Philémon anakwenda pembeni yao, kikapu mkononi, akichagua mahali pa kukanyaga. Vijana wanampita wakicheka.

"Muzee, mutoto analala?"

"Analala. Nyamazeni."

Pale ambapo nyumba za Kadutu zinaisha, askari polisi anayemfahamu anamsimamisha kila siku kwa uso mkali. Kitambulisho cha Philémon hakitazami. Anafunua kipande cha blanketi, anamtazama paka, na kuuliza, "Na huyu, karatasi yake iko wapi?" Halafu anamfunika vizuri, kwa kidole kimoja, asimwamshe.

Philémon ana miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka kumi na saba amekuwa mpimaji katika depo ya kahawa iliyo karibu na bandari, mali ya mfanyabiashara wa Kigiriki. Kahawa inaletwa kwa malori na kwa mashua za ziwa, inachambuliwa, inatiwa katika magunia, na hakuna gunia linalotoka mlangoni bila kupita kwenye mzani wake. Siku za mavuno hupima magunia mia moja na arobaini kabla ya jua kuzama. Mshahara wake haufiki faranga elfu moja na mia mbili kwa mwezi, nao umewasomesha binti wawili ambao sasa wameolewa, mmoja Sange, mwingine Uvira.

"Gunia ni kilo sitini," anamweleza mwandishi wa kike aliyemtembelea, akiupangusa mzani kwa kiganja. "Ikizidi, ninafungua, ninapunguza. Ikipungua, ninaongeza. Kazi yangu ni hiyo tu. Lakini gunia lenyewe, lile tupu, lina uzito wake pia, na lazima uutoe. Huo uzito tunauita tara."

Paka alipata jina hilo kwa sababu alizaliwa humo humo, katika rundo la magunia matupu, Julai ya mwaka jana. Mama yake alikuwa mwindaji hodari wa panya wa depo. Aligongwa na lori watoto wakiwa wameshaachishwa ziwa, na wa mwisho akabaki kulala juu ya magunia. Kila Philémon alipochukua gunia tupu ili alipime, alimkuta ndani.

Kisha ikaja siku ya Novemba ambayo Philémon huisimulia akitazama chini.

Alikuwa ameshika jiwe la mzani, lile la chuma la kilo tano. Dereva alimwita kwa sauti kutoka nje. Philémon aliliweka jiwe kwenye ukingo wa meza bila kutazama, akageuka kujibu. Jiwe lilianguka. Chini ya meza alikuwa Tara, umri wake miezi minne.

"Miaka kumi na saba sijaangusha jiwe," anasema. "Siku moja ninaangusha, na linakwenda kumwangukia yeye. Lingeniangukia muguu wangu, ningeshukuru."

Paka hakufa. Alijikokota kwa miguu ya mbele mpaka kwenye magunia, akalala na kutazama. Wanawake wanaochambua kahawa waliacha kazi wote. Mkuu wao, Euphrasie, ambaye hana simile kwa mtu yeyote, alivua kitambaa chake cha kichwa na kumfunika mnyama.

Jioni Philémon alimpeleka kwa Grégoire Kasigwa, jirani yake wa nyumba ya tatu. Grégoire ni muuguzi wa mifugo wa serikali. Huzunguka kwa baiskeli katika vilima vya Kabare akichanja ng'ombe, na watu wa huko humwita daktari ingawa yeye mwenyewe hukataa.

"Mimi nilisomea ng'ombe," alimwambia Philémon. "Paka sijawahi."

"Ng'ombe ana mifupa?"

"Ana mifupa."

"Na huyu ana mifupa. Mutazame."

Grégoire alimpapasa kwa muda mrefu na kukuta mfupa wa nyonga umevunjika. Alisema mfupa huo haufungwi bandeji wala mti. Dawa yake ni moja: mnyama asiruke, asipande, asikimbie, siku arobaini. Philémon alitafuta sanduku la majani ya chai, la mbao, akaondoa upande mmoja na kuweka waya. Humo Tara alikaa siku arobaini. Constance ndiye aliyemgeuza asubuhi na jioni ili asipate vidonda, akamfuta kwa maji ya vuguvugu, na kumlisha ndagala walioloweshwa, wale samaki wadogo wakavu wanaoletwa kutoka Uvira.

"Nilikuwa nimeshamaliza kulea," anasema Constance. "Nilijua nimepumzika. Halafu huyu mume ananiletea mutoto mwenye mukia."

Januari paka alitoka sandukuni akitembea. Hutembea bado, kiuno kikiyumba kidogo kuelekea kushoto, na panya wa depo hawajasikia habari kwamba yeye ni kilema. Lakini Grégoire alipompapasa kwa mara ya mwisho hakutabasamu.

"Mfupa umeunga," alisema, "ila umeunga ukiwa umeingia ndani. Mulango umekuwa mwembamba. Papa Philémon, unisikilize: huyu asizae. Akizaa, watoto wanaweza kukwama, na yeye anakufa nao."

Kumchunga paka jike asizae ni kazi ngumu kuliko kupima kahawa ya mkoa mzima. Philémon alijitahidi. Alimfungia katika chumba cha magunia mchana, na usiku alimwacha humo humo, depo ikiwa imefungwa. Yeye mwenyewe hakuweza kubaki, kwani usiku unapoingia mtu mweusi hana ruhusa ya kukaa katika mitaa ya mjini. Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mtu aliacha dirisha wazi. Tara hakuonekana siku hiyo, wala Jumapili. Jumatatu asubuhi alikuwa ameketi mlangoni akijilamba, kana kwamba anamngoja mpimaji aliyechelewa.

"Nilimuuliza, 'Ulikuwa wapi?'" anasema Philémon. "Alinipita tu, akaingia."

Katikati ya Mei chuchu za paka ziligeuka nyekundu na akaanza kula bila kushiba. Tangu hapo Philémon alimbeba kwenda na kurudi kila siku, ili asiwe peke yake usiku. Na tangu hapo alianza kumpima.

Humpima Jumatatu na Jumamosi, kwa mzani mdogo wa kupimia sampuli za kahawa. Kwanza kikapu kitupu, kisha kikapu na paka, kisha anatoa kikapu. Huandika kwa penseli ya bluu nyuma ya kibandiko cha gunia. Kilo mbili na gramu mia nne. Mbili na mia sita. Mbili na mia nane.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo Kadutu yote sasa inalijua, na analolisimulia mwenyewe kabla wengine hawajamsimulia.

Aliwaza hivi: mlango ni mwembamba. Watoto wakiwa wakubwa, watakwama. Watoto wakiwa wadogo, watapita. Na yeye ni mtu ambaye maisha yake yote, kitu kikizidi, hupunguza. Basi akaamua kwamba Tara asizidi kilo tatu. Badala ya ndagala sita akampa watatu, halafu wawili. Maziwa akayakata kabisa.

"Alikuwa ananitazama," anasema. "Ananitazama, halafu anatazama sahani, halafu ananitazama tena. Nilikuwa ninatoka inje ninasimama. Nilisema, uvumilie, ni kwa uzima wako."

Lakini mzani haukutii. Jumatatu: kilo tatu na mia moja. Jumamosi: tatu na mia tatu. Philémon aliushuku mzani, akauhakiki kwa mawe yake yote, akaukuta sawa. Akapunguza tena, samaki mmoja. Jumatatu iliyofuata: tatu na nusu.

Ndipo hofu ya aina nyingine ilipomwingia. Mama yake Philémon alifariki huko Luhwindja tumbo likiwa limejaa maji, na siku za mwisho mdomo wake haukupokea kitu. Hakula, na alizidi kuvimba.

"Nilisema, mimba inakula chakula. Huyu hali, na anaongezeka. Basi si mimba. Ni ule ugonjwa."

Jioni hiyo hakuweka kikapu nyumbani. Alipita moja kwa moja hadi kwa Grégoire na kuweka kile kibandiko mezani. Muuguzi aliisoma safu ya tarakimu, akaisoma na safu ya samaki iliyokuwa pembeni, kwani mpimaji alikuwa ameandika vyote. Kisha akaenda mlangoni na kupaza sauti kuvuka nyua mbili.

"Maman Constance! Njoo kidogo. Wewe unamupa huyu paka nini?"

Constance alikuja akijifuta mikono. Alimtazama mumewe, akamtazama paka.

"Maziwa," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu huyu aanze kumunyima. Asubuhi akienda kunawa, ninampa. Jioni akienda kuongea na wenzake, ninampa. Na kichwa cha samaki. Na siku ya Mungu, yai."

"Constance!" alisema Philémon.

"Nini, Constance? Wewe unapima, mimi ninalisha. Kila mutu na kazi yake. Mimi nilibeba mimba mara sita, nikazika wanne. Hakuna aliyeniambia mama mwenye njaa anazaa vizuri."

Grégoire alipiga hesabu za maziwa na mayai, akatikisa kichwa. Bado hazikutosha kueleza tarakimu za kibandiko. Akasema lazima kuna mkono mwingine.

Basi asubuhi iliyofuata Philémon alisimama mbele ya wanawake thelathini wa depo, walioketi chini kila mmoja na ungo wake, wakitenga punje nyeusi na punje nzuri. Aliuliza nani anamlisha Tara. Hakuna aliyeinua macho. Vidole vilikwenda mbio kwenye kahawa kuliko siku zote. Mwishowe mmoja alishindwa kujizuia akacheka, na wote wakacheka.

"Ni mimi," alisema Euphrasie. "Na huyu. Na yule. Na wale wote wa kule kwenye mulango. Uliza ni nani hampe, utamaliza upesi."

"Kwa nini hamukuniambia?"

Kicheko kilitulia. Euphrasie, asiye na simile kwa mtu, alitafuta maneno.

"Tuliona samaki zinapungua, Papa Philémon. Kutoka sita mpaka moja. Tulisema muzee amepata shida nyumbani, pengine amemtumia binti yake wa Sange kila kitu, na ana haya. Hatukutaka uone kwamba tunaona."

Kila mmoja alikuwa akikata kipande cha muhogo wake au mkia wa samaki wake wa mchana, na kukiacha nyuma ya rundo la magunia. Wanawake hao hupata kidogo kuliko mpimaji. Philémon alikwenda kwenye mzani wake na kuupangusa, ingawa ulikuwa safi.

Jioni Grégoire alimlaza paka magotini na kuingiza vidole taratibu chini ya mbavu. Hakukuwa na maji. Kulikuwa na vichwa, vidogo na vigumu kama karanga zenye maganda. Alihesabu viwili, labda vitatu.

"Ni mimba," alisema. "Na umshukuru mukeo. Kusukuma ni kazi ya nguvu, na kwa ule mulango atahitaji nguvu mara mbili. Ungemfikisha siku ya kuzaa akiwa na njaa, asingeweza hata kuanza."

Hakusema kwamba ataweza. Philémon aliliona hilo, na hakuuliza.

Siku zilihesabiwa kuanzia Pasaka. Paka hubeba siku sitini na tatu hivi, na ya sitini na tatu ilikuwa inaangukia mwisho wa juma. Ndagala walirudi kuwa sita. Bwana wa depo, ambaye si mwepesi wa kutoa ruhusa, alisikia habari kutoka kwa karani wake, akasema Jumamosi mpimaji anaweza kubaki nyumbani. Alisema yeye pia aliwahi kuwa na paka, kwao, kisiwani.

Jumamosi tarehe 22, baada ya chai ya asubuhi, Tara aliingia katika sanduku lile la chai ambalo Constance alikuwa ameliosha na kulitandika, akaanza kuhema. Mlango wa nyumba uliachwa wazi ili mwanga uingie. Majirani walikaa nje, kwenye kivuli cha ukuta, wakisema kwa sauti ya chini kama watu walio mlangoni mwa mgonjwa.

Saa nne alianza kusukuma. Saa tano alikuwa bado anasukuma, na hakuna kilichotoka. Alipiga kelele moja, fupi. Philémon aliyekuwa amepiga magoti kando ya sanduku aliinuka, akatoka, akarudi, akapiga magoti tena.

"Unilaumu mimi," alikuwa akimwambia paka. "Usijilaumu. Ni lile jiwe."

"Acha jiwe sasa," alisema Constance. "Mushike kichwa."

Grégoire alifika karibu saa sita, vumbi la Kabare likiwa bado viatuni. Alikuwa amewaacha ng'ombe kumi na wawili wa mwisho kwa msaidizi wake. Alinawa mpaka viwiko, akaomba mawese safi, akapaka vidole viwili. Alisema mtoto ametanguliza matako na amekwama kwenye mfupa. Alifanya kazi akivuta kidogo paka aliposukuma na kuacha alipopumzika. Ilichukua karibu nusu saa.

Mtoto huyo alitoka amekufa. Alikuwa wa kijivu, mzima wa umbo, mkubwa. Constance alimpokea katika kitambaa na kumfunika uso.

Tara alilala ubavu, ulimi nje, na kwa muda watu hawakujua kama anapumua. Constance alichovya kidole katika maziwa na kukipitisha mdomoni mwake. Mara ya tatu, ulimi ukasogea. Mara ya nne, ukalamba.

Wa pili alikuja robo saa baadaye, mdogo, kichwa mbele, akateleza kama punje ya kahawa inayotoka kwenye ganda lake. Wa tatu hakusubiri. Wote wawili walilia. Tara aligeuza shingo, akawatazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake, kisha akaanza kuwalamba.

Nje, mtu alipiga makofi, na wote wakapiga. Euphrasie, aliyekuwa amepanda kutoka depo baada ya kazi ya nusu siku, alishangilia kwa sauti ya kuzaliwa mtoto wa mtu, wala hakuna aliyemwambia ni paka. Constance alikuwa ameshaweka sufuria motoni. Alipika uji wa mtama, mwepesi, wenye maziwa, ule anaopewa mama aliyejifungua, akaupooza na kuuweka ndani ya sanduku. Tara aliumaliza.

Siku nne zimepita. Watoto wananyonya. Mama yao anasimama vizuri, na ana hamu ya kurudi kwa panya zake. Euphrasie amekwisha kuwaagiza wanawake wake wasiache chochote nyuma ya magunia mpaka watakapoulizwa, na hakuna aliyemtii.

Lakini Philémon anajua kwamba mlango ule haukupanuka. Grégoire amemwambia kwamba mara ya pili huenda hata vidole vyake visisaidie. Daktari wa mifugo wa serikali anaweza kumfanyia paka upasuaji mdogo ili asizae tena. Grégoire alimwomba, na daktari amekubali: watoto wakishaachishwa ziwa, Alhamisi ya kwanza ya Septemba, asubuhi. Paka atalazwa kwa dawa, atakatwa, atashonwa.

"Atalala na hajui kitu," Philémon anasema. Ameketi juu ya kigoda, watoto wawili wa paka wakiwa wamelala kwenye kiganja chake kimoja kikubwa, na mama yao akikihesabu kila kidole kwa macho. "Grégoire anasema ni kama kushona gunia. Mimi nimeona magunia mengi yakishonwa. Sijaona moja linalopumua."

Ameshaomba ruhusa kazini kwa siku hiyo. Anasema atambeba mwenyewe, atangoja nje, na atambeba kurudi.

Mwandishi, mgeni wao, anapoinuka kuaga, Constance anamfungia mayai mawili katika jani la mgomba. Philémon anamsindikiza mpaka kwenye njia. Anasimama hapo, anakohoa, anasema habari za vumbi na za mvua ambayo bado iko mbali.

"Mama," anasema mwishowe, "ile Alhamisi ya Septemba, utakuwa na kazi?"

Anaambiwa bado haijulikani, Septemba ni mbali.

"Kama hauna, urudi. Si kwa ajili yangu. Ni Constance. Atalia, na mimi sijui kumunyamazisha."

Kutoka ndani ya nyumba inasikika sauti ya Constance: "Nani atalia?"

Philémon anainamisha kichwa, anatabasamu kidogo.

"Urudi, Mama," anasema. "Urudi tungoje wote."